Moshi wa Saa Nne

Jumatatu, 3 Juni

Daftari, pokea salamu. Mimi sijawahi kuandika kitu ila barua, na barua haianzi bila kujuliana hali, basi nivumilie. Mimi mzima, goti tu. Mama mkwe mzima, masikio yake hayasikii anachoitiwa ila yanasikia anachosengenywa. Baba watoto mzima, yuko saiti, atarudi Jumamosi na saruji kichwani. Kifungua mimba yuko mbali, alipiga simu juzi, anasema amenenepa, simwamini. Wa katikati mzima, na mumewe mzima, na yule mtoto wao anayeng'ata watu mzima kuliko wote. Kitinda mimba wangu yuko kidato cha nne, hesabu inamtoa jasho lakini hajambo. Kuku nao hawajambo, isipokuwa yule wa kijivu anayekula kwangu na kutaga kwa jirani. Wote wanakusalimu, ingawa hawajui kama upo.

Kanipa Daktari daftari hili. Lina viboksi vidogo vidogo, la kuandikia namba. Akasema, mama, andika kila siku, mwandiko utanyooka. Weka siku na tarehe. Hapa kwetu kisichoandikwa hakikutokea.

Huyu Daktari si wa hospitali. Siku ya kwanza nilimwonyesha goti, akacheka mpaka akashika meza. Mimi ni daktari wa hewa, mama. Nikamwambia basi angalia hewa iliyo ndani ya goti. Tangu hapo tumezoeana. Umri wake ni wa kifungua mimba wangu. Kila Alhamisi mchana anamfundisha Kitinda hesabu, hataki shukrani.

Kazi yangu hapa ni kufagia, kupiga deki, vikombe, na chai ya saa nne. Kazi yao ni kupima hewa. Mimi nilijua hewa ni hewa. Kumbe ina vumbi, ina gesi, ina masizi, na kila kimoja kina mashine yake inayokoroma chumbani.

Leo Daktari kaniita nione kompyuta. Kuna mstari unatambaa chini, halafu unapanda ghafla kama mlima, halafu unashuka. Masizi, mama. Kila siku ya kazi, saa nne kasorobo yanapanda, saa nne u nusu yanashuka. Miezi mitatu, hayajakosa! Amefurahi kama mtu aliyepata uchumba. Nami nikafurahi naye, nikamwongezea sukari.

Jumanne, 4 Juni

Nimekaa stoo ya mafagio, mlango nimeurudisha.

Saa tatu u nusu nilipanda juu ya paa kama kawaida, na birika na kibiriti. Nikawasha jiko. Nikapepea. Moshi wa kwanza, ule mzito, ukainuka, ukasita, ukainama kama mtu anayetafuta mlango. Ukaenda moja kwa moja kwenye lile bomba lenye kofia ya bati lililo kando ya tangi la maji. Ukaingia.

Lile bomba nalijua. Miezi yote hii nilidhani ni la kutolea harufu ya choo. Kwenye mguu wake naanika kitambaa cha vyombo.

Niliposhuka nikamuuliza Fundi wa mashine, kama utani, eti lile bomba la juu ni la nini. Bila kuinua kichwa akasema: hilo ndilo pua la mashine ya masizi.

Chai nilimwaga kidogo kwenye sahani. Daktari akasema leo mama una mawazo.

Mawazo. Mlima wake ni jiko langu.

Jumatano, 5 Juni

Niandike ilivyokuwa, nisije nikajisahaulisha.

Zamani nilichemsha kwa birika la umeme jikoni. Kila likiwashwa, umeme unastuka na mashine zinazima. Fundi akaja amefura. Mama, chagua, chai au sayansi. Hawa walimu wa hewa wakasema vyote viwili. Ndipo Fundi mwenyewe akabeba jiko langu la mkaa mpaka juu ya paa, akaliweka nyuma ya tangi asilione Mkurugenzi, maana moto hauruhusiwi ndani ya uzio. Akasema upepo unatoka huku unakwenda kule, hakuna neno. Watu wakasifu, chai ya siku hizi ina ladha. Hakuna aliyeuliza ladha imetoka wapi.

Leo nimemkuta peke yake. Nikamwambia, Fundi, ule mlima ni sisi. Akaweka bisibisi chini. Akanieleza. Kumbe asubuhi upepo ukilala, hewa inazunguka nyuma ya tangi. Anajua. Nafikiri amejua kabla yangu.

Kanambia: mama, kinywa jumba la maneno, ukikifunga hata mwizi haingii. Mkataba wangu unaisha mwezi wa nane. Wako je?

Nikasema basi niache kuwasha. Akaruka. Hapana! Ukiacha ghafla mlima utaanguka, naye atauliza kilichobadilika ni nini. Washa kama kawaida. Atachoka, atatafuta kingine.

Nikawasha. Nikapepea huku nimegeuza uso, kama mtu anayechinja kuku huku hataki kumwona.

Alhamisi, 6 Juni

Leo sitaandika.

Ijumaa, 7 Juni

Wala leo.

Jumapili, 9 Juni

Baba watoto amelala, Kitinda yupo kwa rafiki yake, mama mkwe anaota jua. Hakuna kisingizio. Kisichoandikwa hakikutokea, alisema Daktari. Siku mbili nimetaka kisitokee, lakini kimetokea.

Alhamisi alinifuata nikikausha vikombe. Mama, wewe unakaa mtaa wa nyuma, unawajua watu. Nani anawasha mkaa kila siku ya kazi, saa nne hivi, karibu na hapa?

Alikuwa na kalamu mkononi. Ananitazama kwa macho yale ya mwanafunzi anayemwamini mwalimu. Mimi mwenye darasa la tano.

Ningesema mimi. Neno moja, silabi mbili. Nikaliona limekaa pale kwenye ulimi. Nikaona na mlango wa geti, na mimi natoka na kifurushi changu, na Kitinda mbele ya mtihani. Nikasema: labda Mstari.

Mstari ni dobi. Kibanda chake kimeegemea ukuta wa taasisi kwa nje. Tumemwita Mstari kwa sababu suruali akiinyoosha, ule mstari wa mbele unaweza kukatia mkate. Makoti meupe ya hawa walimu wa hewa, yeye ndiye anayeyapiga pasi. Sare ya Kitinda tangu kidato cha kwanza anaipiga bure, anasema mtoto anayekwenda kufanya hesabu asiwe na makunyanzi, namba zitateleza.

Na kweli ana pasi ya mkaa. Kwa hiyo sikusema uongo, nikajiambia. Ana mkaa. Nilisema labda.

Ulimi hauna mfupa lakini umenivunjia mtu.

Jumatatu, 10 Juni

Nikimimina chai nimewasikia. Daktari anamwambia Fundi: kitu kimoja kinanisumbua. Dobi anafanya kazi hata Jumamosi, lakini Jumamosi mlima haupo. Kwa nini?

Birika likagonga kikombe. Jumamosi haupo kwa sababu Jumamosi mimi nipo nyumbani nafua.

Fundi akanywa funda moja, taratibu. Akasema: Jumamosi dobi huwasha pasi jioni, asubuhi anagawa nguo. Si ndivyo, mama?

Wote wawili wakanigeukia. Nikasema sukari imetosha?

Daktari akaandika. Sijui aliandika nini. Nilisikia kalamu tu.

Jumatano, 12 Juni

Wamekuja watu wa jiji. Watatu, na karatasi. Karatasi ina muhuri wa taasisi yetu, nimeuona, maana muhuri ule naupangusa vumbi kila Ijumaa.

Nilikuwa getini na ndoo. Mstari hakugomba. Alidhani wamekuja na nguo! Akawaambia karibuni wakubwa, leo kuna foleni lakini nyinyi nitawatanguliza. Wakamsomea. Eti moshi wake unachafua hewa ya mji, umepimwa, una namba. Akauliza namba ngapi. Wakamtajia. Akasema mbona kubwa hivyo, mimi mwenyewe sifiki hapo, mkaa wangu kiganja kimoja asubuhi, kiganja kimoja mchana. Mmoja akasema mzee, mashine haidanganyi.

Wamechukua pasi. Ile ya chuma yenye jogoo mbele, aliyorithi kwa baba yake. Imetiwa kwenye gunia ikiwa bado na moto, gunia likaanza kuungua, wakaimwagia maji. Ilitoa sauti kama mtu anayevuta pumzi kwa meno.

Aliponiona akacheka. Shemeji, ananiita hivyo kwa sababu mkewe na mimi tunasuka pamoja. Shemeji, umesikia? Mimi na kiganja changu cha mkaa ndio tunaharibu mbingu. Nimekuwa mkubwa.

Nikasema pole. Nimesema pole kwa mdomo uleule.

Alhamisi, 13 Juni

Sikuweza. Nilipanda na kibiriti, nikakaa mbele ya jiko, nikakumbuka ile sauti ya pasi. Nikashuka. Chai nilikuwa nimebeba ya nyumbani kwenye chupa mbili, kama niliyejua. Wakalalamika imepoa na haina ladha.

Nilidhani nimefanya jema. Angalau moshi usiendelee juu ya jina la mwenzangu.

Saa tano Daktari akatoka chumbani anakimbia. Mama! Njoo uone. Mstari wa kompyuta umetambaa chini moja kwa moja. Hakuna mlima. Hakuna kabisa. Jana pasi imeondolewa, leo hewa safi. Mama, unaelewa? Huu ndio ushahidi!

Akanikumbatia. Mikono yangu ilikuwa na sabuni, sikuweza hata kumshika.

Fundi alikuwa nyuma yake. Alinikonyeza. Baadaye kwenye ngazi akanong'ona, Mungu amekuongoza mama, sasa acha hivyohivyo. Jumatatu jioni nitaliteremsha jiko, tutalizika.

Nilikaa stoo nikaegemea mafagio. Nilipowasha nilimsingizia. Nilipoacha nimemfunga kabisa. Wema wangu ndio umekuwa msumari.

Na leo ni Alhamisi, Kitinda alikuja kwa hesabu. Nimewasikia wakicheka kule ndani.

Ijumaa, 14 Juni

Mstari ameleta makoti. Yale aliyokuwa nayo kabla ya kuchukuliwa pasi. Amekuja nayo mikononi, amevaa shati la kutokea. Kawaambia samahani, haya nimeyanyoosha kwa kuyalalia, mimi na mke wangu, usiku mbili. Yametoka vizuri upande wa mke wangu.

Watu walicheka. Naye alicheka. Daktari hakucheka, alipokea koti lake, akalitazama, akasema pole baba, ningekuwa na njia nyingine ningeifuata. Mstari akamwambia mwanangu, kazi yako ni kupima na yangu ni kunyoosha, kila mtu na kazi yake. Lakini hebu pima tena.

Pima tena. Hivyo tu. Akaondoka.

Daktari alikaa muda na lile koti magotini. Halafu akaniuliza, mama, hivi kweli Jumamosi anawasha jioni?

Nikasema sijui, mwanangu, Jumamosi mimi sipo.

Ukweli mtupu. Sijawahi kusema ukweli wenye uongo mwingi kama huo.

Jumatano ijayo atasimama mbele ya wakubwa wa jiji na wageni, asome kazi yake ya miezi mitatu. Wataandika sheria, hakuna mkaa mtaa mzima wa nyuma. Mafundi wa kuchomelea, mama wa maandazi, wote. Ameshanunua viatu. Kanionyesha, akauliza kama kisigino si kirefu mno.

Jumapili, 16 Juni

Mama mkwe kanikamata. Nilikuwa nachambua mchele, nikatupa mchele nikabakiza mawe. Akasema wewe mwanamke, unachambua kama mtu aliyeiba. Nani amekufa?

Nikamwambia. Sijui kwa nini yeye. Labda kwa kuwa nilitumaini hatasikia. Alisikia lote, hata sehemu nilizonong'ona.

Kwanza alicheka. Jiko langu la sufuria ndogo? Lile lenye mguu mbovu? Ndilo limetisha jiji? Akajipangusa macho. Halafu akapapasa kanga yake.

Nikamwambia mama, nikisema nafukuzwa. Kitinda ana miezi mitano tu kabla ya mtihani. Na Fundi naye.

Akasema: hayo ya kufukuzwa nayajua, mwanangu alifukuzwa kazi mara nne na bado ulimpenda. Mimi namfikiria huyo mtoto wa hewa. Atasimama mbele za watu na viatu vipya, aseme jambo ambalo silo. Siku moja atajua. Mwenye akili kama hiyo hakosi kujua. Siku hiyo atamtafuta aliyekuwa anamimina chai huku amenyamaza. Utamwambia nini? Sukari imetosha?

Huyu bibi sikumwambia habari ya sukari. Au nilimwambia. Sikumbuki tena ninayosema na ninayoficha.

Nikamuuliza, sasa nifanye nini? Akasema mimi sikusoma. Lakini mtu akisema chakula changu hakina chumvi, sibishani naye. Namwonjesha.

Baba watoto aliingia kunawa, akauliza mnasemaje. Mama mkwe akasema tunasema mchele una mawe.

Jumatatu, 17 Juni

Nipo juu ya paa. Saa tatu na dakika arobaini. Daftari nimeliweka juu ya ndoo iliyogeuzwa.

Kibanda cha Mstari nakiona kutoka hapa. Kimefungwa kwa kamba. Meza ipo nje, kuku amelala juu yake. Mtaa mzima wa nyuma hakuna moshi. Kama mlima utapanda leo, hauna mwingine wa kusingiziwa.

Nimewaza kuliacha jiko ndani ya gunia alimolitia Fundi, nishuke nikapige deki. Nimewaza mara tatu tangu nipande. Fundi amepita kwenye ngazi, akaona kibiriti. Akashika kile chuma cha ngazi kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha, halafu akashuka. Sijui ameshuka kwenda wapi.

Nimewasha. Mkaa una umande, unashika polepole. Moshi mzito. Umeinuka, umesita, sasa hivi unainama. Unaingia puani.

Barua nimeiweka saa tatu mezani kwa Daktari, chini ya kikombe chake, pale anapoweka mkono wa kwanza. Hapa ninainakili, isije ikasemwa haikutokea:

Kwako Daktari, mwanangu. Natumaini u mzima, viatu havikubani. Mimi si mzima sana, wala si goti. Kitinda anakusalimu, amepata ile hesabu ya pembe tatu. Bibi yake anakusalimu, anasema ule.

Daktari, usisome kazi yako Jumatano kabla ya kusoma barua hii. Ule mlima wa saa nne ni wangu. Nachemsha chai kwa mkaa juu ya paa, nyuma ya tangi, karibu na pua la mashine yako. Nilikuwa sijui kuwa ni pua. Tarehe nne nikajua, nikanyamaza. Uliponiuliza nikamtaja Mstari, nikijua. Jumamosi haupo kwa sababu mimi sipo. Alhamisi ulianguka kwa sababu mimi niliona haya nikaacha kuwasha, si kwa sababu ya pasi. Aliyebeba jiko simtaji, anayepepea ni mimi.

Najua mashine haidanganyi. Haikudanganya. Nimedanganya mimi.

Usiniamini kwa maneno. Pima tena, kama alivyokuambia yule baba. Leo pasi yake ipo kwao jiji, na mtaa umepoa. Nitawasha mimi peke yangu. Angalia kompyuta yako kuanzia saa nne kasorobo, kisha chungulia kibanda chake dirishani, kisha njoo.

Sikuombi kazi yangu, ingawa naitaka. Nakuombea wewe usisimame pale na neno langu mdomoni mwako. Na ile pasi yenye jogoo irudi kabla haijashika kutu, ilimwagiwa maji ikiwa na moto.

Nipo juu. Sishuki mpaka nisikie kutoka kwako. Ukiwa na hasira njoo nayo, ukishindwa kupanda nitumie hata neno moja kwa mtu yeyote, ila fanya upesi, mwanangu, maana birika litakuwa limeanza kuimba na mimi sijui nimimine vikombe vingapi.